Maswali ya Wasomaji: Alikuwa Nevi, Kisha Akaingia Reli

Katika toleo lililopita tuliwaomba wenye wazee waliotumikia jeshi la wanamaji au Reli ya Afrika Mashariki walete maswali yao kuhusu kuandika wasifu na kutunza kumbukumbu za wazee hao. Tumechagua yale yanayowagusa wengi.

Babu yetu amefariki akiwa na miaka 97 kwa hesabu ya kitambulisho. Arubaini yake inakaribia na familia imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu. Kila ninayemuuliza ananijibu, "Alikuwa nevi, kisha akaingia Reli," basi. Nianzie wapi? (Msomaji, Changamwe)

Pole sana kwa msiba. Usianze kuandika kwanza. Anza na sanduku la marehemu: vyeti, hati za mshahara, kadi za zahanati, pasi za kusafiria kwa treni, barua za pensheni, picha, vifungo vya sare, hata bahasha tupu zenye muhuri wa posta. Kila kitu kitazame pande zote mbili. Tarehe nyingi za maana zimeandikwa nyuma.

Kisha chukua karatasi ndefu, uandike miaka kwenda chini, mwaka mmoja kila mstari, tangu kuzaliwa hadi kufariki. Lililothibitishwa na karatasi liandike kwa wino. Lililotoka mdomoni mwa mtu liandike kwa penseli, na pembeni jina la aliyelisema. Ukimaliza utaona palipo na mapengo, na hayo mapengo ndiyo maswali ya kwenda nayo kwa wazee wenzake. Wengi huruka hatua hii wakaandika kwa kumbukumbu za mazungumzo, halafu siku ya kusoma mzee mmoja anainuka na kusema, "Mwaka huo hakuwa Mombasa, tulikuwa naye Tabora."

Kuna miaka michache ya kupigilia mstari huo. Upande wa bahari, kikosi cha akiba cha wanamaji wa Kenya kiliundwa 1933, cha Zanzibar 1938 na cha Tanganyika 1939. Baada ya vita likaja jeshi moja la wanamaji la Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1950, makao yake Mombasa. Lilivunjwa 1962. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 1964. Ukisikia "alihama moja kwa moja kutoka nevi ya Waingereza kwenda ya Kenya", uliza alikula wapi miaka hiyo miwili ya katikati. Inawezekana kabisa kwamba Reli iliingia hapo.

Upande wa Reli, shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilianza Mei 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Mwaka 1969 bandari ikatengwa na reli. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikabaki na shirika lake. Kwa hiyo kabla ya 1969 mtu aliyefanya kazi gatini Kilindini, Tanga au Dar es Salaam alikuwa mtu wa Reli na Bandari hata kama hakuwahi kupanda treni ila siku ya kwenda likizo. Wajukuu wengi huandika "alikuwa dereva wa treni" kwa sababu tu kifungo cha koti kina herufi za reli.

Herufi zenyewe ni msaada mkubwa. K.U.R.&H. (Reli na Bandari za Kenya na Uganda) kwenye kifungo, beji ya kofia au hati ina maana kitu hicho kilitengenezwa kabla ya 1948. E.A.R.&H. ni kati ya 1948 na 1969. E.A.R. bila H ni baada ya hapo hadi 1977. Sare haikubadilishwa usiku mmoja, kwa hiyo kifungo cha zamani kinaweza kuonekana kwenye picha ya miaka michache baadaye. Kinyume chake hakiwezekani: picha yenye E.A.R.&H. haiwezi kuwa ya 1945, hata shangazi aape.

Kuhusu umri, kuwa mwangalifu. Wengi wa rika lake hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na umri wa kazini ulikadiriwa siku ya kuajiriwa. Ukipata mwaka wa kustaafu na ukijua alistaafu kwa kutimiza 55, toa 55 upate mwaka wa kuzaliwa uliokuwa kwenye jalada. Kisha ulinganishe na kitambulisho. Tofauti ya miaka mitatu au minne ni ya kawaida na haimwaibishi mtu. Andika "alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920" kuliko kubandika tarehe 1 Januari ambayo karani aliijaza kwa kukosa nyingine.

Kwa kusoma mbele ya watu, maneno 600 hadi 700 yanatosha, ni kama dakika sita au saba kwa msomaji asiyekimbia. Orodha ya watoto na wajukuu iwekwe mwisho kwenye karatasi iliyochapwa, isisomwe yote. Mwili wa wasifu uwe kazi zake: alikuwa kituo gani, chini ya cheo gani, akifanya nini kwa mikono yake. "Alikuwa gadi wa treni za mizigo kati ya Voi na Kahe" inamleta mtu mbele ya wasikilizaji. "Alitumikia kwa bidii na uadilifu" kila marehemu huandikiwa.

Nina picha ya baba mkubwa akiwa na sare nyeupe ya bahari na tepe tatu mkononi. Tumekuwa tukisema alikuwa sajenti wa nevi. Rafiki yangu mwanajeshi anasema nevi haina sajenti. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

Rafiki yako. Kwa utaratibu wa Kiingereza, uliofuatwa hapa, tepe za baharia hazikuwa cheo. Zilikuwa alama ya miaka ya utumishi wenye tabia njema, na zilivaliwa mkono wa kushoto peke yake. Ya kwanza ilipatikana baada ya miaka mitatu au minne kutegemea kipindi, na tatu ndizo zilikuwa mwisho. Baba mkubwa mwenye tepe tatu alikuwa na miaka isiyopungua 12 kazini bila doa. Hilo ni jambo kubwa kuliko usajenti wa kubuni, na ndilo la kuandika.

Cheo chenyewe kitafute juu ya tepe, mkono huohuo wa kushoto. Nanga moja iliyozungukwa na kamba ni baharia kiongozi. Nanga mbili zilizopishana chini ya taji ni ofisa mdogo. Pasipo na nanga ni baharia wa kawaida, hata akiwa na tepe zote tatu. Mkono wa kulia ndipo palipowekwa alama ya ufundi: rafadha, kwa mfano, ni ya watu wa chumba cha injini.

Kabla ya kutoa hukumu, hakikisha picha haikugeuzwa wakati wa kusafishwa. Tazama herufi za utepe wa kofia kwa kioo cha kukuzia. Zikisomeka kinyumenyume, basi mkono unaouona kushoto ni wa kulia. Na kama utepe una H.M.S. tu bila jina la meli, picha hiyo ina dalili ya kuwa ya wakati wa Vita vya Pili, kwa kuwa majina yaliondolewa ili adui asijue nani yuko wapi.

Tepe tatu mikono yote miwili ni jeshi la nchi kavu. Hapo unatazama KAR (King's African Rifles, jeshi la nchi kavu la wakoloni), na masimulizi ya vita vya Burma yanaanza kuwa na maana: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana huko 1944. Mabaharia wa hapa kwetu hawakuwa ndani ya divisheni hiyo.

Mama anasisitiza babu alikuwa "nevi ya Kisumu". Je, ziwani kulikuwa na nevi? (Msomaji, Kisumu)

Mama hakosei sana. Meli za abiria na mizigo za Ziwa Victoria zilikuwa mali ya Reli, zikiendeshwa na idara yake ya meli iliyokuwa na makao na chelezo hapo Kisumu. Watu wake walivaa sare nyeupe, walikuwa na manahodha, maserahangi na mafundi wa injini, na mtaani hakuna aliyewatenga na wanajeshi wa maji. Meli ya Victoria iliyoanza kazi 1961 ilikuwa yao, na katikati ya miaka ya 1960 zikaja feri za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, ili mzigo uvuke ziwa bila kushushwa. Kule Ziwa Tanganyika, Liemba nayo ilikuwa chini ya Reli.

Namna ya kuthibitisha: hati ya mshahara au kadi ya zahanati ikiwa na jina la Reli, ni idara ya meli. Cheti cha kuachishwa jeshini, nishani au namba ya utumishi wa kijeshi ndivyo vinavyoonyesha nevi. Kuna walioanza na kimoja wakamaliza na kingine, maana mtu aliyejifunza fundo, usukani na boila huko Mombasa hakuhitaji kufundishwa upya. Ukikuta vyote viwili kwenye sanduku, usichague. Panga kwa miaka.

Mkanganyiko kama huu upo Mombasa pia. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kundi la meli za kivita za Uingereza za Mashariki lilihamishia makao Kilindini, na raia waliajiriwa kwa kazi za kambi na karakana. Mtu wa namna hiyo husema kwa haki, "Nilifanya kazi nevi." Alifanya. Lakini hakuwa askari, na ukimtafuta kwenye orodha za mabaharia hutampata, halafu utadhani aliongopa.

Tuna picha ya mzee kando ya injini kubwa ya mvuke, namba yake inaanza na 59. Risala iliyoandikwa na kaka inasema "alitupa makaa ya mawe usiku kucha kutoka Mombasa hadi Nairobi, akiwa dereva tangu 1948". Sitaki kumkosoa kaka bure. Iko sawa? (Msomaji, Makadara)

Mambo mawili hayako sawa, na yote yanarekebishika kwa sentensi moja moja.

Tarakimu mbili za mwanzo kwenye injini za Afrika Mashariki ni daraja la injini. Hiyo 59 ni Garratt, injini iliyotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester. Zilikuja 34, zilijengwa 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima. Uzito wake ulikuwa tani 252, kwenye reli ya upana wa mita moja tu. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1955. Na injini hizo zilichoma mafuta mazito, si makaa. Fayamani wake hakushika koleo. Alikaa kwenye vali, akilinganisha mafuta, mvuke wa kuyapuliza na hewa, huku jicho moja liko kwenye geji ya maji na jingine kwenye moshi. Moshi mweusi mzito ni mafuta yanayopotea na masizi yanayoganda kwenye mabomba. Moshi ukipotea kabisa, hewa imezidi na moto unapoa. Alitakiwa aushike katikati, wembamba kama ukungu, kwenye mlima wote wa kutoka pwani hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 500. Maji yakishuka chini ya kioo cha geji, paa la tanuru linabaki bila maji na linaweza kupasuka. Mwandikie kaka hayo, yanamstahi mzee kuliko koleo.

Kuhusu udereva wa 1948: miaka ile nafasi ya dereva wa treni kubwa za njia kuu ilikuwa zaidi mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Mwafrika alianza kwa kufuta injini kwenye banda, akapanda kuwa fayamani, akapewa injini ya kupanga mabehewa uwanjani, kisha treni za mizigo, na mwisho kabisa abiria. Upandaji huo uliongeza kasi kuelekea uhuru. Pengine 1948 ni mwaka alioajiriwa. Tafuta barua za kupandishwa cheo. Ukizikosa, andika "aliajiriwa 1948 na kupanda hadi kuwa dereva". Tena ngazi hizo zitaje moja moja, maana kila moja ilikuwa na mtihani wake.

Kama mnaweza kufika Nairobi, nendeni jumba la makumbusho ya reli karibu na stesheni. Ziko Garratt mbili za daraja hilo, 5918 na 5930. Mpelekeni mjukuu asimame kando ya gurudumu mpigwe picha. Ndipo mtajua mzee alikuwa mtu wa urefu gani pale pembeni.

Nimerithi nishani tatu za mzee na cheti chake cha utumishi. Nishani zimekuwa nyeusi. Nataka kuzing'arisha kwa Brasso na kukipeleka cheti kikawekewe plastiki. Kuna ubaya? (Msomaji, Tabora)

Acha vyote viwili, tafadhali.

Brasso ina chembe za kusugua. Kila ukisugua unaondoa sehemu ya chuma, na kwenye nishani kinachoondoka kwanza ni nywele za mfalme na herufi. Mabaki meupe ya dawa hukaa kwenye mifereji, yakaganda, na utepe ulio karibu ukaliwa. Weusi huo hauharibu kitu. Futa vumbi kwa brashi laini kavu, shika nishani kingoni, ifunge kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kulainishwa kwa dawa. Usizipange zikigusana.

Kuzitambua ni rahisi. Nyota ya ncha sita yenye utepe wa mistari mitatu sawa, buluu nzito, nyekundu na buluu nyepesi, ni ya 1939 hadi 1945. Nyota yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati ni ya Afrika. Ya duara, rangi ya fedha, yenye simba aliyesimama juu ya joka, ni nishani ya vita, na ilihitaji siku 28 tu za utumishi. Usishtuke ukikuta hazina jina ukingoni. Nishani za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa majina, kwa hiyo kukosa jina si dalili ya bandia. Ubaya wake ni kwamba nishani peke yake haithibitishi ni ya nani. Andika karatasi leo, taja ilikuwa ya nani na imetoka mkononi mwa nani hadi kwako, uiweke pamoja nazo.

Cheti ndicho chenye thamani kuliko zote, kwa sababu kina namba ya utumishi. Plastiki ya kubandika kwa moto huyeyusha gundi ndani ya karatasi na haitoki tena. Wino wa zamani hufifia humo, na unyevu ulionaswa huzaa madoa ya kahawia. Kipige picha kwanza: mchana, kivulini karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, simu ikiwa sambamba na karatasi. Ukipata skana, weka nukta 600 kwa inchi (dpi). Kisha kiweke kimelala, bila kukunjwa, kwenye bahasha ya karatasi nyeupe safi, ndani ya faili ngumu. Usitumie gazeti, klipu za chuma wala seloteipu. Sanduku lisikae sakafuni wala ukutani kwenye njia ya mchwa, na Tabora mnawajua mchwa.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, itaacha uso kwenye kioo. Ipige picha ikiwa hapohapo.

Bibi yangu anaishi Maskati, mumewe alizaliwa Unguja na alikuwa baharia wa kikosi cha Zanzibar wakati wa vita. Tutafute wapi habari zake? Na je, gazeti la serikali linasaidia? (Msomaji, Maskati)

Anzeni Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Kwa waliohamia bara, kuna Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na Nairobi jengo la Moi Avenue. Msiende na jina moja na hadithi. Nendeni na jina kamili kwa namna tatu au nne za kuandikwa: karani wa Kiingereza aliandika alichosikia, akaweka jina la baba mwisho kama la ukoo, au akalidondosha. Ongezeni namba ya utumishi, miaka ya kukadiria, na cheo. Namba haidanganyi kama jina. Ombeni majalada ya idara kwa kipindi, si "jalada la babu", kwa kuwa mara nyingi mtu mmoja yumo kwenye orodha ya mishahara au ya likizo iliyo ndani ya jalada la jumla.

Gazeti Rasmi la Kenya limewekwa intaneti kwa miaka mingi na linasomeka bure, lakini vyeo vinavyotangazwa humo ni vya maofisa. Baharia wa kawaida mtamkuta, kama yumo, kwenye matangazo ya mirathi au hati ya kiwanja iliyopotea. Hata hayo ni ya maana, hutoa anwani na tarehe.

Mzee wetu yuko hai, ana miaka 90 na ushee, alikuwa stesheni masta. Tunataka kumrekodi kabla ya mambo kuharibika, lakini kila tukimuuliza "tueleze maisha yako" anajibu sentensi mbili na kunyamaza. (Msomaji, Morogoro)

Swali ni pana mno, yeyote angenyamaza. Muulize kwa stesheni, si kwa mwaka. "Pale Kilosa nyumba yako ilikuwa upande gani wa njia?" "Tokeni, kile kibali cha kuingia sehemu ya njia, ulimkabidhije dereva treni isiposimama?" "Usiku taa za ishara zikizimika ulifanya nini?" Mikono yake itaanza kuonyesha kabla mdomo haujafika. Kwa kupata miaka, tumia matukio: mgomo wa Reli wa 1960 ulimkuta wapi, Uhuru wa 1961 alikuwa zamu au la, njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilipofunguliwa 1963 yeye alikuwa kituo gani, na Jumuiya ilipovunjika 1977 nani kati ya wenzake walirudi Kenya na Uganda.

Asubuhi baada ya chai ndiyo saa nzuri. Dakika 40 zinatosha kwa siku, kisha mwache apumzike. Simu iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, kiasi cha sentimita 30 kutoka mdomoni, upande wa sikio lake zuri, ikiwa imezimwa mtandao ili isiite katikati. Zimeni feni na redio: feni haisikiki kwenye chumba lakini kwenye rekodi inameza kila neno la mwisho wa sentensi. Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo uanze. Mtu mmoja aulize. Wajukuu wengine wakae kimya, na asiwepo wa kumsahihisha tarehe. Akikosea mwaka, mwache, utaurekebisha kwa karatasi baadaye. Ukimkatiza, atafunga.

Mpe kitu ashike: filimbi, bendera ya kijani, kitabu cha ratiba kama mnacho, au picha ya uwanja wa stesheni iliyochapwa kubwa, ukurasa mzima. Mwombe aonyeshe kwa kidole kila njia ya pembeni ilikuwa ya nini, na wewe uandike namba kwenye nakala. Siku hiyohiyo hamisha rekodi kwenye mahali pawili tofauti, ipe jina lenye tarehe na kituo mlichozungumzia, na umuulize kesho yake ni nani mwingine wa pale stesheni bado yuko hai. Mara nyingi yupo gadi mmoja au mke wa gadi, nyumba tatu kutoka kwenu.